Mshipa wa Kutengenezwa: Kutoka Sindano ya Mdarizi hadi Mashine ya Kuchapa

Huenda, ewe msomaji, umewahi kusikia watu wakisema kwamba kazi ya sindano ni ya wale waliokosa elimu, na kwamba elimu ya juu haina haja na fundi wa nguo. Insha hii ina nia ya kukuonyesha kuwa usemi huo si kweli. Itakusimulia habari ya jambo moja tu: jinsi wanadamu walivyojifunza kuushona mshipa wa damu, kisha kuutengeneza kwa kitambaa, kisha kuukuza kutokana na chembe zilizo hai, na sasa kujaribu kuuchapa kwa mashine. Katika safari hiyo utamkuta fundi wa mkono amesimama kando ya mtaalamu, na mara nyingi yeye ndiye aliyemwonyesha njia.

Yafaa kwanza tujue mshipa ni kitu gani. Mwili wa mtu mzima una lita 5 hivi za damu, na moyo huisukuma damu hiyo usiku na mchana pasipo kupumzika. Mshipa mkuu utokao katika moyo huitwa aota, na upana wake ni kama sentimita 2 na nusu. Kutoka hapo mishipa hugawanyika kama mti ugawanyikavyo kuwa matawi, na matawi kuwa vitawi, mpaka ikawa myembamba kuliko unywele. Mishipa hiyo ya mwisho, isiyoonekana kwa macho matupu, huitwa kapilari. Seli, yaani zile chembe hai ndogo ambazo mwili umejengwa kwazo, karibu zote hukaa jirani na kapilari, hata umbali baina yake hauzidi sehemu ya tano ya milimita. Seli ikiwekwa mbali zaidi ya hapo hukosa hewa na chakula, ikafa. Likumbuke jambo hili, maana ndilo fumbo ambalo wataalamu wa leo wanahangaika nalo.

Watu hawakuyajua haya tangu zamani. Kwa karne nyingi waganga wa Ulaya walimfuata Galen, mganga wa dola ya Rumi, aliyefundisha kwamba damu hutengenezwa na ini kutokana na chakula, kisha huenda mwilini ikatumika na kwisha. Katika karne ya 13 Ibn al-Nafis, mganga aliyefanya kazi Kairo, aliandika kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo ikapita mapafuni kabla ya kufika upande wa kushoto. Lakini maandishi yake hayakusomwa na wengi. Mwaka wa 1628 Mwingereza William Harvey alitumia hesabu kukata shauri. Alikadiria damu itokayo moyoni kwa kila pigo, akaizidisha kwa idadi ya mapigo ya nusu saa, akaona kwamba jumla yake yaipita damu yote iliyomo mwilini. Basi haiwezekani kuwa damu hiyo yatengenezwa upya kila mara. Lazima ni ile ile, inayozunguka na kurudi. Mwaka wa 1661 Marcello Malpighi wa Italia alitazama pafu la chura kwa darubini ya vitu vidogo, akaziona kapilari zenyewe. Duara likakamilika.

Walakini kujua njia ya damu si kujua kuitengeneza njia hiyo inapoharibika. Kwa muda mrefu mtu aliyekatika mshipa mkubwa alikuwa na moja katika mawili: mshipa ufungwe, na pengine kiungo kife, au damu imwagike, na mwenyewe afe. Mwezi wa Juni mwaka wa 1894, Rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu katika mji wa Lyon. Kisu kilikata mshipa mkubwa upelekao damu kwenye ini. Madaktari bingwa wa mji walikusanyika kando ya kitanda chake, lakini hakuna aliyeweza kuushona mshipa ule, na kabla ya kupambazuka rais alikuwa amekwisha kufa. Katika mji huo alikuwako kijana mwenye umri wa miaka 20 aliyekuwa akijifunza uganga, jina lake Alexis Carrel. Wengine walisema kwamba jeraha kama lile halina dawa. Yeye alisema kwamba dawa iko, ila mikono ya madaktari haijajifunza.

Zingatia, msomaji, alikokwenda kijana huyu kutafuta elimu hiyo. Lyon ulikuwa mji wa hariri, na mafundi wake wa kudarizi walisifiwa kote Ulaya. Carrel alikwenda kwa mwanamke mmoja mdarizi, akaketi kama mwanafunzi, akajifunza kushika sindano nyembamba kabisa na uzi wa hariri. Baada ya mazoezi mengi, mwaka wa 1902 aliitangaza njia yake. Ugumu wa kuunganisha mishipa miwili ni kwamba mdomo wa mshipa ni duara laini lenye kulegea, na sindano ikikosea kidogo hushona upande huu na ule pamoja, mshipa ukaziba. Carrel alitia mishono mitatu ya kushikilia, yenye nafasi sawa kuuzunguka mdomo. Mishono hiyo ikivutwa, duara hugeuka kuwa pembetatu, na fundi hushona ukingo mmoja ulionyooka baada ya mwingine. Chukua kipande cha bomba la mpira na nyuzi tatu ujaribu mwenyewe. Utaona jinsi jambo rahisi linavyoweza kufichika machoni pa wakubwa kwa karne nyingi. Carrel alihamia Marekani mwaka wa 1904, na mwaka wa 1912 alipewa Tuzo ya Nobel.

Haki ya historia yatutaka tuseme na upande wake mwingine. Mwaka wa 1935 mtu huyu mwenye mikono ya ajabu alichapisha kitabu ambamo aliunga mkono fikira ya kuwagawa wanadamu katika walio bora na walio duni, hata akakubali kwamba baadhi ya wahalifu wauawe kwa gesi. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alifanya kazi chini ya serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Ujerumani ya Hitler, akafa mwaka wa 1944 akiwa na doa hilo. Usidhani, basi, kwamba ujuzi wa mkono au wingi wa akili humfanya mtu kuwa mwema. Tunaupokea mshono wake kwa shukrani, na fikira zake juu ya watu tunazikataa. Elimu isiyo na utu ni kisu kikali mikononi mwa mtoto.

Mshono wa Carrel uliwezesha mishipa kuungwa, lakini je, sehemu ikikosekana kabisa itajazwa na nini? Jibu moja lilikuja kwa bahati. Mwaka wa 1947 katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, daktari kijana Arthur Voorhees alimpasua mbwa aliyekuwa amefanyiwa majaribio hapo awali. Ndani ya moyo wake aliona uzi wa hariri uliokuwa umepita mahali pasipokusudiwa. Uzi huo haukuwa umegandiwa na damu. Ulikuwa umefunikwa na utando laini wenye kung'aa, mfano wa utando wa moyo wenyewe. Mtu mwingine angeutupa uzi akaendelea na kazi. Voorhees alijiuliza: ikiwa mwili waweza kuufunika uzi mmoja, je, hauwezi kukifunika kitambaa kizima? Akashona bomba kwa hanchifu ya hariri, akaijaribu fikira yake kwa mbwa. Baadaye akatumia kitambaa cha nyuzi za kutengenezwa kiitwacho Vinyon-N, na mwaka wa 1952 yeye na wenzake wakatangaza kwamba mabomba ya kitambaa yanaweza kuwa mishipa. Mwaka wa 1954 walitangaza habari za wagonjwa waliotibiwa kwa njia hiyo.

Wakati huo huo, mjini Houston, alikuwako daktari Michael DeBakey, mwana wa wazazi waliotoka Lebanoni, ambaye mama yake alimfundisha kushona alipokuwa mtoto. Alikwenda dukani kununua kitambaa cha nailoni. Nailoni ilikuwa imekwisha, na mwuzaji akampa kitambaa kipya cha poliesta kilichoitwa Dacron. DeBakey alikipeleka nyumbani, akakikata, akakishona mabomba kwa cherehani ya mkewe. Bahati ilikuwa upande wake, kwani ilikuja kujulikana kwamba nailoni huoza na kupoteza nguvu mwilini, ilhali Dacron hudumu. Kisha akashirikiana na mtaalamu wa ufumaji wa Philadelphia, wakabuni mashine ya kufuma mabomba yasiyo na mshono. Tangu miaka hiyo ya 1950 watu wengi mno duniani wameishi kwa mishipa ya Dacron. Mwishoni mwa mwaka wa 2005, DeBakey akiwa na umri wa miaka 97, aota yake mwenyewe ilipasuka kuta, na mwaka wa 2006 madaktari wakamtibu kwa kumtilia bomba la Dacron. Akapona, akaishi hadi mwaka wa 2008.

Hapo ungeweza kudhani kwamba habari imekwisha. Sivyo. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, na katika jambo hili mwiba ulikuwa mshipa mdogo. Bomba la kitambaa hufaa mahali penye upana na damu iendayo kwa kasi. Lakini bomba lenye upana usiofikia milimita 6 huziba upesi. Sababu ni kwamba damu ina tabia ya kuganda inapogusa kitu kigeni. Tabia hiyo ndiyo ituokoayo tunapojikata kidole. Mshipa wa asili una utando wa seli hai upande wa ndani, nazo hufanya kazi kila dakika kuizuia damu isigande. Kitambaa hakina seli hizo. Na mishipa inayoulisha moyo wenyewe ina upana wa milimita 3 au 4 tu. Ndiyo maana mwaka wa 1967 daktari René Favaloro, mzaliwa wa Argentina aliyekuwa akifanya kazi Cleveland, Marekani, alichukua mshipa wa mguu wa mgonjwa na kuutumia kama njia ya kuikwepa sehemu iliyoziba ya moyo. Njia hiyo yatumika hata leo. Lakini mtatibiwa nini mgonjwa ambaye mishipa ya miguu yake imeharibika, au ilikwisha kuchukuliwa zamani?

Basi wataalamu wakageukia fikira mpya: mshipa usishonwe, bali ukuzwe. Mwaka wa 1986 Crispin Weinberg na Eugene Bell wa Marekani walitengeneza mfano wa mshipa kwa seli za ng'ombe na kolajeni, ile protini inayoipa ngozi yetu uimara. Ulikuwa dhaifu, ukahitaji kuvikwa wavu wa Dacron ili usipasuke. Mwaka wa 1999 Laura Niklason na wenzake waliligundua kosa. Mshipa wa asili hukua huku moyo ukiupiga, nao huimarika kwa kazi hiyo. Wakazitia seli za nguruwe juu ya kiunzi chenye umbo la bomba, kiyeyukacho polepole, wakapitisha maji ya chakula ndani yake kwa mapigo kama ya moyo kwa muda wa wiki 8. Mshipa ukapata nguvu. Kama vile mwili wa mwanariadha, nao ulihitaji kufundishwa kazi kabla ya kupewa kazi.

Baadaye iligunduliwa kwamba mshipa uliokuzwa hivyo kwa seli za mtu waweza kuoshwa hadi seli zote zitoke, ukabaki mwili wake wa protini ambao mgonjwa yeyote aweza kuupokea. Mwaka wa 2012 mshipa wa namna hiyo ulitiwa kwa mara ya kwanza mwilini mwa mtu, huko Polandi, mgonjwa wa figo aliyehitaji kusafishwa damu kwa mashine. Wagonjwa kama hao tunao hata hapa Kenya: hwenda hospitali mara 2 au 3 kwa juma, na kila mara sindano nene hupenya mshipa ule ule wa mkono hata ukachoka. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2024 serikali ya Marekani iliruhusu mshipa huo utumike kwa watu walioumia mikono au miguu, wakati mshipa wao wenyewe haupatikani. Hesabu mwenyewe: kutoka mwaka wa 1999 hadi 2024 ni miaka 25. Subira huvuta heri.

Sasa tufike kwenye mashine ya kuchapa. Unajua jinsi mashine ya kawaida inavyotandaza wino juu ya karatasi. Uchapaji wa vipimo vitatu hufanya hivyo pia, lakini huweka tabaka juu ya tabaka, mpaka kitu kikapata urefu, upana na kimo, kama fundi wa ukuta apangavyo matofali. Mjapani Hideo Kodama aliandika juu ya njia hiyo mwaka wa 1981, na Mmarekani Charles Hull alichapa kitu chake cha kwanza mwaka wa 1983, kwa kutumia mwanga unaougandisha utomvu wa plastiki. Miaka 20 baadaye, mwaka wa 2003, Thomas Boland na wenzake wa Chuo Kikuu cha Clemson walizifanyia marekebisho mashine za kawaida za wino, wakaonyesha kwamba seli zilizo hai zaweza kuchapwa zisife.

Mwaka wa 2009 kikundi cha Gabor Forgacs katika Chuo Kikuu cha Missouri kilichapa mabomba ya seli tupu, yasiyo na kiunzi cha kudumu. Vijiti vya jeli vilipangwa pamoja na vipande vya seli. Seli zikashikana zenyewe, kisha vijiti vikavutwa nje na uwazi ukabaki. Mwaka wa 2012 Jordan Miller, Christopher Chen na wenzao wa Pennsylvania walitumia kitu kilichomo katika kila jiko, yaani sukari. Walichapa wavu wa nyuzi za sukari ngumu, wakamwaga jeli yenye seli kuuzunguka, halafu sukari ikayeyuka na kuacha mifereji ambamo damu ilipita. Huko Japani, Koichi Nakayama na wenzake waliyatunga mafundo ya seli katika safu za sindano nyembamba, mfano wa kile kifaa chenye miiba ambacho Wajapani husimamishia maua. Mwaka wa 2015 mabomba yao yenye upana wa milimita 1 na nusu yalitiwa ndani ya panya, na panya wakaishi nayo. Mwaka wa 2019 Miller, akiwa sasa Chuo Kikuu cha Rice pamoja na wenzake, alitengeneza mifereji myembamba kwa mwanga, akiudhibiti mwanga huo kwa rangi ya kawaida itiwayo katika vyakula. Na mwaka wa 2024 wataalamu wa Harvard walichapa mishipa yenye tabaka mbili: misuli nje, na utando unaozuia damu kuganda ndani.

Je, twaweza kusema kwamba kazi imekwisha? Hapana. Hadi siku insha hii inapoandikwa, hakuna mtu aliye hai kwa moyo, figo wala ini lililochapwa. Kizuizi kikubwa ni kile nilichokuomba ukikumbuke mwanzoni: kiungo kinene hakiwezi kuishi bila kapilari zisizohesabika. Mashine huweza kuchapa matawi makubwa ya mti, lakini vitawi vya mwisho huzidi uwezo wake, na wataalamu hutumaini kwamba seli zitavikuza zenyewe. Pia mshipa uliochapwa lazima ustahimili mapigo ya moyo zaidi ya mara 100,000 kwa siku, ushike mshono pasipo kuraruka, na usizibe mwaka baada ya mwaka.

Kwa hiyo pana hatari ya haraka. Mwaka wa 2011 na 2012, mjini Stockholm, wagonjwa watatu walitiwa koo za hewa za plastiki zilizopakwa seli zao wenyewe. Magazeti ya dunia yakashangilia muujiza. Lakini vyombo hivyo havikuwa vimethibitishwa inavyostahili hata kwa wanyama, na wagonjwa wote watatu walikufa baadaye. Mwaka wa 2023 mahakama ya rufani ya Uswidi ilimhukumu daktari mpasuaji kifungo kwa madhara aliyowatenda. Linganisha habari hii na ile ya miaka 25 ya mshipa uliokuzwa. Wote wawili walikuwa na elimu, wote wawili walikuwa na ndoto. Tofauti yao ni kwamba mmoja alikubali kuthibitisha kabla ya kutangaza, na mwingine alitangaza kabla ya kuthibitisha.

Kabla hatujaagana, msomaji, litafakari swali hili. Hanchifu, cherehani, sukari, rangi ya chakula na sindano za maua ni vitu vilivyoko kila mahali, na mdarizi wa Lamu au fundi wa Gikomba hakosi mikono mizuri kuliko ya yule mwanamke wa Lyon. Wataalamu walivipita vitu hivyo kila siku. Lakini wachache wenye swali vichwani walisimama wakavitazama. Huenda wewe ukawa daktari, huenda ukawa mfumaji, huenda ukawa mtengenezaji wa mashine. Vyovyote iwavyo, mshipa mdogo wa milimita 3 bado unamngoja mtu wa kuutengeneza ili udumu, na uuzwe kwa bei ambayo mgonjwa maskini aweza kulipa. Kazi ya kwanza, yaani kuutengeneza, yahitaji akili na subira. Ya pili yahitaji moyo wa haki, na huo haujapata kuchapwa na mashine yoyote.